Tulivyompumzisha Mzee wa Besi

Jumamosi moja mzee aliyekuwa akisimama mkono wangu wa kulia kwenye kwaya alikuja mazoezini na nywele nyeusi. Jumamosi iliyotangulia zilikuwa nyeupe kama sufi, na kwa miaka tisa niliyomjua sikuwahi kuziona vingine. Sasa zilikuwa nyeusi ti, weusi mkavu usio na mng'ao, na pembezoni mwa masikio rangi ilikuwa imeganda kwenye ngozi. Ilikuwa piko, ile wanayochorwa maharusi mikononi. Alijipaka mwenyewe, tena bila kioo cha maana, kwani kisogoni palibaki kibaka cheupe ambacho mkono haukukifikia.

Tulicheka. Kwaya yetu ina watu tisini na kitu, waliokusanywa kutoka vigango saba vya upande huu wa Mto Sabaki, na kicheko kikianzia kwa wanawake wa sauti ya kwanza hakina wa kukizuia mpaka kitufikie sisi wa nyuma. Walimtania kwamba anatafuta mchumba, maana mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alivaa miwani, akafungua daftari lake la nota, akaniuliza juma lililopita tuliishia wapi.

Nilipomsimulia mke wangu jioni, hakucheka. Aliacha kukuna nazi, akaniuliza, "Wameshaanza kumsema?"

Sikumwelewa. Mimi ni mtoto wa mjini, nimezaliwa Malindi nyuma ya soko, wazazi wangu wakiwa wapishi wa hotelini. Yeye amezaliwa ndani, huko kwenye mashamba ya mihogo na minazi, naye alinieleza kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa peke yetu jikoni. Kwao mzee akishaota mvi, na awe na ardhi, halafu mtoto wa jirani au wa ndugu afe, neno huanza kupita. Neno lenyewe ni mchawi. Wazee wanauawa kwa neno hilo, kwa panga au kwa moto, na ndiyo maana wengine hujipaka rangi nywele, ili mtu akiwatazama kwa mbali asiwahesabu miongoni mwa wazee. Babu yake mwenyewe alinyoa kipara kila Ijumaa mpaka siku aliyokufa.

Mzee wetu hakuwa mtu wa kupendeka kirahisi. Alijifunza kuimba kwa nota katika shule ya misheni kule Kaloleni, zama za viboko, na alitufundisha kama alivyofundishwa yeye. Siku yangu ya kwanza aliniambia sauti yangu ni ya mtu anayeita tuktuk, kisha akaniamuru nikae majuma matatu na mdomo umefungwa, nisikilize tu. Nikishuka chini ya nota alinifinya kiwiko bila kugeuza uso. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha korosho huko Kilifi mpaka kilipofungwa, ndipo akarudi kulima shamba la baba yake. Hakubahatika kubaki na mtoto hata mmoja. Wawili aliozaa walikufa wadogo.

Aliyekuwa naye ni mtoto wa nduguye. Ndugu huyo alipokufa, mzee ndiye aliyemlea kijana, na ndiye aliyemleta kwenye kwaya akiwa bado na sare ya shule. Wakati ninaouzungumza kijana alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, ana mke na watoto, anasimama safu mbili mbele yetu katika sauti ya tatu. Mungu alimpa sauti. Akianza wimbo wa zaburi peke yake, hata watoto wachanga hunyamaza. Kazi yake ilikuwa kusimamia nyumba tatu za wageni za ufukweni, na mimi, ambaye ni fundi wa friji, sehemu kubwa ya kazi zangu nilipewa na yeye. Hilo nalisema mapema ili lisije likaonekana nimelificha.

Binti wa kijana huyo, wa miaka minne, alishikwa na homa wakati wa mvua za masika, majuma kadhaa kabla ya mzee kujipaka piko. Njia ya kutoka kwao haikupitika kwa tope, na walipomfikisha hospitali siku ya pili alikuwa hana fahamu. Alikufa kabla ya adhuhuri. Kwaya yote ilikwenda kumzika. Mzee alisimama pembeni yangu kama kawaida, na nilihisi pumzi yake ikikatika katikati ya mistari, jambo ambalo halikuwahi kumpata. Alimwita yule mtoto "mke wangu mdogo", kama wanavyofanya mababu.

Mwezi haukuisha, mke wa kijana akaharibikiwa na mimba. Baada ya hapo tukasikia wamekwenda kwa mganga, mbali, ng'ambo ya Ganze. Mganga hakutaja jina, ila alisema aliyefanya haya ni mtu mnayekula naye.

Sijui nani alilileta neno ndani ya kwaya. Nilichoona ni vitu vidogo. Wakati wa kupumzika tulikuwa tukinywa maji kwa kikombe kimoja cha bati, tukipokezana. Ghafla watu wakawa wanakuja na chupa zao. Mama mmoja alimvuta mwanawe kwa nguvu mzee alipotaka kumshika kichwa. Kwenye benchi letu, ambalo kwa kawaida tunabanana mpaka wa mwisho ananing'inia, pakawa na nafasi ya mtu mzima kushotoni kwangu, maana wenzangu walikuwa wakisogea upande wa mlangoni. Mimi sikusogea. Lakini nilianza kuja na penseli yangu. Kwa miaka tisa tulitumia yake, na siku alipoiona yangu aliitazama kidogo, kisha akarudisha yake mfukoni.

Zilikuwa zimebaki wiki tano tamasha la kwaya la jimbo lifike pale mwalimu wa kwaya alipotuzuia baada ya misa. Mzee hakuambiwa abaki. Mwalimu alisema hakuna anayemtuhumu mtu yeyote kwa lolote, na kwamba Kanisa haliamini mambo hayo. Ila kuna mwenzetu ana uzito moyoni, na yafaa asikilizwe. Kijana akasimama. Alikuwa amekonda, shati lilimning'inia mabegani. Hakutaja uchawi. Alisema tu, "Nikiimba naye yuko nyuma yangu, mgongo unaniwaka. Sitaweza."

Kila mtu alijua kwamba bila yeye hatuna wimbo wa tamasha. Sehemu nzima ya katikati ilikuwa yake peke yake. Mwalimu akapendekeza mzee apumzike kidogo, mpaka tamasha lipite, kisha tutaona. Alilitumia neno hilo, apumzike, na watu wakaonekana kulipenda, maana lilikuwa neno la kumwonea mtu huruma. Akauliza wanaokubali wainue mikono.

Niliuona mkono wa mwenyekiti, kisha wa katibu, kisha sauti ya kwanza karibu wote. Kijana aligeuka kutazama nyuma, kwetu sisi wa besi. Niliinua wangu. Sikuuinua juu, uliishia usawa wa bega, lakini aliuona, na mwalimu aliuhesabu. Mama mmoja wa sauti ya pili, muuza samaki, ndiye pekee aliyesimama na kutoka nje. Tulimsikia akiwasha simu yake uani akimwita bodaboda.

Nikatumwa mimi kumpelekea habari, kwa kuwa ndimi niliyekuwa jirani yake kwenye safu.

Nilikwenda Jumatatu alasiri. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, paa la makuti, imesimama mwanzo wa shamba, karibu na ile barabara ya vumbi iliyokuwa imepimwa ili iwekwe lami. Nilimkuta nje akifua nazi. Alikuwa akiigonga nazi kwenye ncha ya kifuo, anaipindua, anagonga tena, na kumbi linaachia kama nguo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa nota au kwa maneno?"

Nilimwambia kwamba kwaya imeonelea apumzike kidogo, mpaka tamasha lipite.

"Kwaya ni nani?"

Nikaokota kumbi moja, nikaanza kulichambua nyuzi.

"Mkono wako ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Juu, mzee."

Alifua nazi nyingine mpaka mwisho, akaitupa kwenye fungu. Kisha akasema, "Afadhali umesema wewe. Nisingependa kulisikia kwa mwingine."

Hakuniuliza kwa nini. Badala yake alinieleza habari ya shamba, akiendelea na kazi. Tangu barabara ipimwe, watu wa ploti walikuwa wanakuja na magari yao. Kijana alitaka wauze upande wa barabarani, na yeye alikataa kwa sababu mkewe amezikwa pale, na nduguye, ambaye ni baba wa kijana mwenyewe. Alimwambia asubiri, atauza atakapokufa yeye. Alisema anaona sasa kwamba lile halikuwa jibu la kumpa mtu mwenye haraka. Nilimuuliza kwa nini asiende kwa chifu. Akasema alikwenda zamani, na chifu ndiye aliyemshauri apake rangi nywele.

Wakati wa kuondoka alinipa nazi mbili. Nilizipokea. Nyumbani mke wangu, yule yule aliyenieleza yote, aliziweka nyuma ya mlango na hakuzipikia. Nilipomuuliza alisema yeye haamini mambo hayo, lakini ana watoto. Sikubishana naye. Zilikaa pale mpaka zikachipua, akazitupa.

Jumapili ya tatu baada ya mzee kupumzishwa, vijana fulani walikwenda kwake saa nne na nusu asubuhi, wakati majirani wengi wamo kanisani. Walitia moto makuti, wakasimama mlangoni na mapanga wamngoje atoke. Yeye alitokea jikoni, ambako ukuta ulikuwa umebomoka kwa mvua na hakuwa ameukandika upya. Mmoja akamwona, akamkimbilia, akampiga panga la bega. Mzee aliendelea kukimbia ndani ya mahindi hadi akafika barabarani, na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akipita na pikipiki akambeba hadi hospitali, damu ikichuruzika mpaka kwenye viatu vya wote wawili.

Nimepiga hesabu ya saa ile mara nyingi. Saa nne na nusu tulikuwa tumemaliza zaburi. Kijana alikuwa ameiimba vizuri kuliko siku zote. Tungemwacha mzee kwenye safu yake, angekuwa pale nyuma akinifinya kiwiko, na ingeungua nyumba tupu.

Tulipata habari tukitoka misani. Hakuna aliyelia. Watu walisema masikini, masikini, wakaangalia chini. Kijana alipiga magoti kwenye mchanga mbele ya kanisa, akashika kichwa. Mpaka leo sijui kile kilikuwa kitu gani. Nimewahi kufikiri alijua siku na saa. Nimewahi pia kufikiri kwamba hakutuma mtu, alisema tu neno lake mahali pa kusikika, na wengine wakamalizia. Na nadhani aliamini kweli kwamba baba yake mkubwa ndiye aliyemuua mtoto. Hilo la mwisho ndilo gumu kwangu, maana ingekuwa ni uongo mtupu ningejua namna ya kumchukia. Polisi waliwakamata vijana wawili, wakakaa siku chache, wakaachiwa kwa kukosa shahidi.

Mzee alipotoka hospitali hakuwa na pa kurudi. Mimi nilikuwa na chumba, kile tunachoweka friji mbovu. Mawazoni nilizitoa zile friji, nikakipanga, nikaweka kitanda, na sikumwambia mke wangu wala mtu mwingine. Akachukuliwa na watu wa hifadhi moja ya wazee huko milimani, kupita Kaloleni, wanakokaa wengine waliokimbizwa kama yeye.

Tamasha lilifika, tukaimba, tukawa wa pili. Juma lililofuata nilipanda kwenda kumwona, na mkate na kilo mbili za sukari. Hifadhi ilikuwa safi. Wazee, wanaume kwa wanawake, walikuwa wameketi kwenye benchi chini ya ukuta, kila mmoja akitazama upande wake, kama watu wasiofahamiana wanaongoja daktari. Piko ilikuwa imepanda juu na mvi zimeota chini yake, hivyo kichwa chake kilikuwa na rangi mbili. Mkono wa kushoto haukuinuka. Hakuniuliza juu ya mtoto wa nduguye, wala shamba.

Aliuliza, "Tamasha mliimba vipi?"

"Tulikuwa wa pili."

"Besi je?"

"Ilikuwa nyembamba."

Nililiona lile jibu limemwingia vizuri, na nikafurahi kwamba lilikuwa la kweli. Kisha akataka kujua nani amesimama pale pake. Nikamwambia hakuna mtu, pameachwa wazi. Huo ulikuwa uongo. Juma lile lile mzee alipopumzishwa, mwalimu alimleta karani mmoja wa kiwanda cha chumvi kujaza safu. Mzee akaniambia nimwimbie besi ya wimbo wa tamasha. Nikaimba kwa sauti ya chini, pale benchini, wale wazee wengine wakigeuka mmoja mmoja kusikiliza. Kwenye ubeti wa pili alinisimamisha, akaniimbia nota niliyokuwa nikiikosea tangu mwanzo, na sauti iliyotoka ilikuwa imebaki hewa zaidi kuliko sauti.

Aliponisindikiza hadi langoni aliniambia nisije tena. "Ukija, nakumbuka kuna mahali unarudi," alisema. "Usipokuja, nasahau kidogo."

Nilitii. Naona aibu kusema kwamba nilishuka mlima ule nikiwa mwepesi, kama mtu aliyeruhusiwa.

Alikufa wakati wa joto la kaskazi, miezi minne baadaye. Walinipigia mimi kwa sababu nambari yangu ndiyo iliyoandikwa kwenye daftari la wageni, na hapakuwa na nyingine. Mwenyekiti wa kwaya alikwenda kuzungumza na kijana. Akaja na jibu kwamba ukoo haukubali maiti irudi nyumbani, kwamba si yeye anayekataa, ni watu. Hivyo azikwe huko huko. Mazoezini ilitangazwa kwamba anayejaliwa kufika afike kwa njia yake. Mtoto wa miaka minne alikuwa amezikwa na kwaya nzima, kwa basi la kukodi na sare kamili. Kwa mzee, aliyeimba humo miaka thelathini, tulipanda watu kumi na mmoja.

Tulipojipanga kando ya kaburi tukagundua hatuna mtu hata mmoja wa sauti ya tatu. Wanawake walikuwa saba, na wanaume wanne tulikuwa wa besi sote, na wawili kati yetu walikuwa bado hawajui nota. Yule mama muuza samaki akaanzisha wimbo, tukafuata. Wimbo usio na sauti ya tatu una shimo katikati, na tulilisikia wote, mstari baada ya mstari, mahali ambapo ile sauti nzuri ingepita. Ubeti wa tatu wazee wa hifadhi wakaingia kwa Kigiriama, polepole, nyuma yetu kwa maneno mawili matatu, na hatukuweza kuwangoja wala kuwaacha. Katekista alisema machache. Bibi mmoja mwenye fimbo aliniuliza marehemu ni nani wangu. Nikasema tulikuwa tukisimama pamoja. Akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa jibu la kutosha.

Njiani tukirudi, mama muuza samaki aliniambia ameshamaliza, harudi kwenye kwaya. Aliniuliza mimi je. Nikasema sijui. Alinitazama kidogo, kisha akafungua kikapu akatugawia mihogo ya kukaanga, na hatukulizungumza tena.

Sikuacha. Nimejaribu kujieleza sababu, na zile ninazozipata ni ndogo. Napenda kuimba. Mke wangu na watoto wamezoea kuniona pale mbele. Nikiacha, itabidi niseme kwa nini, na nikisema kwa nini, kila mtu atakumbuka mkono wangu. Shamba liliuzwa kabla ya mwaka kwisha, upande wa barabarani wote. Limezungushiwa ukuta wa matofali ya mawe, na yale makaburi mawili yamo ndani. Sijui kama yameachwa.

Jumapili ya kwanza baada ya maziko, padri aliposema tupeane amani, watu wakaanza kugeukiana kama kawaida, wakishikana mikono na kucheka kidogo. Kijana aliwapa mkono wa safu yake, kisha akapanda ngazi mbili za jukwaa hadi kwetu nyuma. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Aliwapita wengine, akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono. Macho yake yalikuwa mekundu. "Amani, kaka," akasema.

Watu walikuwa wanatazama, au niliona wanatazama. Nikaushika ule mkono. Ulikuwa mkono wa kawaida, wenye joto na jasho kidogo, na nikajibu amani. Akashuka. Mwalimu akagonga penseli kwenye kinanda, tukaanza Mwanakondoo, nami nikaimba nikisikiliza kama tuko sawa, na tulikuwa sawa.